Thairoidi ikishuka: kidonge ni kimoja ila kukimeza na kupima ndo kazi

Naandika hii nikimfikiria mtu aliyetoka maabara na karatasi mkononi, TSH, kile kipimo cha damu cha thairoidi, imewekewa kamshale ka kupanda juu, dokta kamwambia thairoidi yako, ile tezi ya mbele ya shingo, inafanya kazi chini ya kiwango utakunywa hiki kidonge kila siku, dakika chache baadae yuko nje hajui hata angeuliza nini. Mimi naishi na hii hali muda mrefu sasa, na kama kuna jambo moja ningependa mtu alishike mapema ni hili: dawa yenyewe ni rahisi, kinachosumbua ni jinsi unavyoimeza na jinsi unavyopima. Hayo mawili yakiyumba, namba unazoletewa hazisemi ukweli, unaanza kuongezewa na kupunguziwa dozi bila sababu na mwili hautulii.

Nianze na dalili maana zinakuja polepole mno ndo maana watu wanakaa nazo. Mi ilianza uchovu, sio ule wa kufanya kazi ukalala ukaamka upo sawa, huu unaamka nao. Baridi naisikia mimi peke yangu wengine wote wako kawaida. Choo kigumu, ngozi kavu, nywele zinabaki kwenye kitana, uso umevimba asubuhi hasa chini ya macho, sauti ikawa nzito mpaka nikimpigia mtu simu ananiuliza una mafua? Vidole vinakufa ganzi usiku. Hedhi ikawa nzito na inakaa siku nyingi. Kusahau sahau, naanza sentensi katikati neno limenipotea. Uzito uliongezeka ila sio kivile, na hapa nisisitize, watu wanadhani kila anayenenepa ana thairoidi, lakini uzito unaoletwa na tezi yenyewe mara nyingi ni kilo chache na sehemu kubwa ni chumvi na maji yanayobaki mwilini, kwa hiyo ukianza dawa halafu mzani usishuke sana usione kama dawa haifanyi kazi.

Kilichonichosha ni kwamba kila dalili ilikuwa inatibiwa kivyake. Uchovu, nikaambiwa ni stresi. Choo, nikapewa dawa ya choo. Damu imepungua, nikapewa vidonge vya kuongeza damu. Kolesteroli imepanda, nikaambiwa nipunguze mafuta. Hakuna aliyedanganya, ila hakuna aliyeviweka vyote mezani kwa pamoja, mpaka nilipokutana na dokta mmoja mama wa makamo ambaye alikaa kimya akasikiliza yote, akanishika shingo akaniambia meza mate, akaangalia nyusi zangu zimepungua upande wa nje, akahesabu mapigo ya moyo yako taratibu, halafu akagonga nyuma ya kifundo cha mguu na kile kinyundo chao. Mguu uliruka vizuri tu lakini kurudi ukawa unarudi polepole. Akasema hapo hapo tupime TSH na T4, yaani homoni yenyewe inayotoka kwenye thairoidi. Mpaka leo nikikutana na mtu ana dalili tatu nne za namna hii namwambia usiache kuomba hicho kipimo, ni damu kidogo tu ya mkononi.

Sasa TSH inachanganya wengi kwasababu ikiwa juu ndo thairoidi iko chini. Sababu ni kwamba TSH haitoki kwenye thairoidi, inatoka kwenye pituitari, kitezi kidogo kiko chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha thairoidi itoe homoni. Thairoidi ikiitika vizuri pituitari inaongea kwa sauti ya chini, isipoitika inapaza sauti. Hiyo sauti ndo namba unayoiona. Maabara nyingi zinaweka kawaida kwa mtu mzima kuanzia kama 0.4 mpaka 4 hivi, zingine wanafika 4.5, ndo maana unatakiwa uangalie kiwango kilichoandikwa pembeni kwenye karatasi yako wewe sio ya jirani. Yangu ilikuwa zaidi ya 40 na T4 huru, ile inayoandikwa FT4, imeshuka chini ya kiwango. Ikiwa hivyo hakuna mjadala, ni matibabu.

Lakini kuna wale TSH imepanda kidogo, tuseme 6, na FT4 iko kawaida. Mdogo wangu alipata majibu ya hivyo na akaingiwa na hofu kwasababu ameniona mimi nilivyoteseka, akataka aanze dawa siku hiyo hiyo. Dokta akamwambia rudi baada ya miezi miwili mitatu tupime tena. Aliporudi ikawa imeshuka yenyewe mpaka ndani ya kiwango. Hii inatokea sana, TSH inaweza kupanda kwa muda, mfano mtu anapokuwa anapona kutoka kwenye ugonjwa mwingine mkubwa, kwa hiyo kipimo kimoja kilichopanda kidogo sio hukumu. Ikivuka 10 na ikarudia kuvuka wengi wanaanzishiwa dawa. Ikiwa chini ya hapo inategemea, una dalili au huna, una kingamwili zinazoishambulia thairoidi au huna, unatafuta ujauzito, una umri gani, maana kwa wazee TSH inapanda kidogo kawaida tu na kuwabebesha dawa ya bure kunaweza kuwaumiza moyo.

Na kuna kundi dogo ambalo TSH peke yake inawapita kabisa. Kama shida iko kwenye pituitari yenyewe, ile sauti haipo, kwa hiyo TSH inaweza kuonekana kawaida au chini huku FT4 imeshuka. Ndo maana ukiwa na dalili nzito na TSH ni nzuri, uliza kama FT4 ilipimwa.

Baada ya hapo nilipimwa hizo kingamwili, zinaitwa za TPO, zikatoka juu sana, ikaitwa Hashimoto. Jina ni la daktari wa Japani Hakaru Hashimoto, aliyeuelezea huu ugonjwa mwaka 1912. Kwa lugha ya kawaida kinga ya mwili inaishambulia thairoidi taratibu mpaka inaishiwa nguvu. Ni sababu kubwa kwenye maeneo ambayo watu wanapata madini joto, yaani ayodini, ya kutosha, pale ayodini inapokosekana ndo upungufu wake unakuwa sababu yenyewe na goita, yaani uvimbe wa tezi shingoni, zinaonekana kwa wingi. Zipo na sababu zingine, kuna waliofanyiwa operesheni ya kutoa tezi, kuna waliotibiwa kwa ayodini ya mionzi, kuna dawa kama lithiamu ya magonjwa ya akili na amiodaroni ya mapigo ya moyo, kuna watoto wanaozaliwa hivyo. Kingamwili zikishajulikana ziko juu hakuna haja ya kuzipima kila mara, dozi haipangwi kwa hizo, mi nilipima mara ya kwanza ikatosha.

Dawa inaitwa levothairoksini. Ni T4 ile ile iliyotakiwa kutoka kwenye tezi yako, imetengenezwa tu kiwandani. Nilipoambiwa ni ya maisha nililia kweli, nikasema mimi na kidonge mpaka kufa? Kilichonifariji ni kusoma kwamba zamani huu ugonjwa ulikuwa hauna dawa kabisa, watu walikuwa wanavimba wanapoa wanazima, mpaka mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle kule Uingereza alipomchoma sindano mgonjwa wake mmoja mwanamke, majimaji aliyoyatoa kwenye tezi ya kondoo, na yule mama akaishi miaka 28 mingine. Tezi ya kondoo! Mimi nina kidonge kidogo cheupe kimepimwa kwa mikrogramu. Niliacha kulalamika.

Dozi inaangalia uzito, kwa mtu mzima ambaye tezi yake imeisha kabisa inakuja kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo kwa siku, lakini hiyo ni ya kuanzia hesabu tu. Mzee, au mwenye shida ya moyo, anaanzishwa chini kabisa, mikrogramu 25 au hata nusu yake, anapandishwa pole pole, kwasababu moyo uliozoea kwenda taratibu ukishtuliwa ghafla unaweza kuleta maumivu ya kifua au mapigo kwenda ovyo. Usichukue dozi ya mtu mwingine hata kama mna ugonjwa mmoja.

Na hapa ndo pa subira. Levothairoksini inakaa mwilini muda mrefu, baada ya wiki nzima nusu yake bado ipo, kwa hiyo kila ukibadilisha dozi mwili unahitaji kama wiki 6 hivi mpaka utulie kwenye kiwango kipya, na pituitari nayo inachelewa kuamini. Ndo maana kipimo kinarudiwa baada ya wiki 6 mpaka 8. Ukipima baada ya wiki mbili unapima kitu kiko safarini. Nimeona watu wanapandishiwa dozi wiki ya pili kwasababu TSH bado iko juu, wanapandishiwa tena wiki ya nne, wiki ya kumi moyo unaenda mbio mikono inatetemeka usingizi hakuna, wanasema dawa imewakataa, kumbe ni kipimo kiliwahi. Kwangu vitu havikurudi siku moja. Uvimbe wa uso na choo ndo vilianza, halafu baridi, halafu uchovu, kichwa kikachelewa kuchangamka, nywele ndo zilikuwa za mwisho kabisa, miezi imepita.

Sasa nieleze kilichotokea baadae maana hapa ndo nilijifunza zaidi. TSH ilishuka vizuri ikakaa ndani ya kiwango, halafu ikapanda tena. Dozi ile ile, sijaruka siku. Ikaongezwa dozi, ikashuka kidogo, ikapanda tena. Nikaanza kuhisi ugonjwa umekuwa mwingine. Siku moja mfamasia ananipa dawa akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, unakinywa na nini? Nikamwambia asubuhi nakunywa vyote kwa pamoja, cha thairoidi na cha kuongeza damu, halafu kahawa. Akaniambia dada yangu, madini ya chuma yanaishika hii dawa ndani ya utumbo, haipiti, inatoka na choo. Na ukiangalia mzunguko wenyewe unasikitisha, thairoidi ikishuka hedhi inakuwa nzito, hedhi nzito inamaliza damu, damu ikipungua unapewa vidonge vya chuma, vidonge vya chuma vinazuia dawa ya thairoidi. Nilipotenganisha kwa masaa manne TSH ikashuka mpaka dozi ikabidi ipunguzwe.

Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu na sibadilishi. Kidonge asubuhi tumbo likiwa tupu, na maji matupu, halafu nasubiri nusu saa mpaka saa nzima ndo nile. Kahawa nayo inasubiri, sio chakula tu. Chuma, kalsiamu, vidonge vya vitamini vyenye madini ndani, dawa za kiungulia zile za kutafuna, vyote hivyo masaa manne mbali. Dawa za kupunguza asidi ya tumbo kama omeprazoli nazo zinaweza kupunguza kinachoingia, hizo kutenganisha masaa hakusaidii sana kwasababu tumbo lenyewe limebadilika, hapo ni kumwambia dokta apime na arekebishe dozi. Kama asubuhi yako ni ya vurugu, watoto, kazi za zamu, unaweza kumeza usiku wakati wa kulala, ila iwe masaa matatu au zaidi tangu ule. Mi nina shemeji yangu anafanya hivyo na namba zake ni nzuri kuliko zangu. Muhimu uchague wakati mmoja ukae nao. Na dawa usiiweke bafuni wala sehemu ya joto, haipendi joto, unyevu wala mwanga.

Ukisahau siku moja usipaniki, kama nilivyosema inakaa mwilini, huwezi kuanguka kwa siku moja. Kusahau kila wikiendi ndo tatizo, na hilo likitokea mwambie dokta ukweli kabla hajaongeza dozi.

Kwenye kupima nako kuna mambo. TSH inapanda usiku na kushuka mchana, kwa hiyo leo ukipima asubuhi mara nyingine jioni unalinganisha vitu viwili tofauti, mi napima asubuhi siku zote na ikiwezekana maabara ile ile. Siku ya kupima namaliza kutolewa damu ndo nimeze kidonge, maana FT4 inapanda masaa machache baada ya kumeza ikaonekana nzuri kuliko ilivyo. Halafu bayotini, ile ya kwenye vidonge vya nywele na kucha, sikilizeni akina dada, inavuruga vipimo vya thairoidi kwenye mashine nyingi za maabara, inaweza kuonyesha TSH imeshuka na T4 imepanda kama mtu mwenye thairoidi iliyozidi wakati sio kweli. Na sisi ndo wa kwanza kununua hivyo vidonge kwasababu nywele zinatoka! Acha siku mbili angalau kabla ya kupima, kama unakunywa dozi kubwa uliza uache mapema zaidi. Ukibadilishiwa kampuni ya dawa, pima tena baada ya wiki 6. Ukianza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, hivyo hivyo.

Watu wananiuliza sana kuhusu T3, homoni nyingine ya thairoidi. Kuna dawa ya liothaironini ambayo ni T3 yenyewe, na kuna ile ya unga wa tezi ya nguruwe iliyokaushwa yenye T4 na T3 pamoja. Wapo wanaoapa kwamba wamepona kwa hizo na siwezi kumbishia mtu mwili wake. Ila jua mambo mawili. Mwili wenyewe unaigeuza T4 kuwa T3 kadiri unavyohitaji, ndo maana kidonge cha T4 peke yake kinawatosha walio wengi. Na T3 inaingia haraka na kutoka haraka, saa moja moyo unadunda saa nyingine umepoa, na ile ya nguruwe ina T3 nyingi kuliko uwiano wa binadamu. Miongozo ya madaktari inaweka levothairoksini mbele, T3 inafikiriwa kwa mtu ambaye namba zimekaa sawa muda mrefu na sababu zingine zimetafutwa bado hayuko sawa, na hapo awe chini ya dokta wa homoni.

Hizo sababu zingine nazo zitafutwe kweli. Mimi TSH ilikaa 2 nikabaki na uchovu, ikaonekana akiba ya chuma bado iko chini sana. Mwingine ni vitamini B12, na watu wa Hashimoto wako kwenye hatari zaidi ya kukosa B12 kwasababu kinga ile ile inaweza kushambulia tumbo, au kongosho ikaleta kisukari cha aina ya kwanza, au utumbo usivumilie ngano. Mwingine anakoroma anakosa pumzi usiku. Mwingine ni sonona. Kila kitu kikisukumiwa thairoidi vingine vinapita bila kuonekana, na unaweza kujikuta unaongezewa homoni ambayo huihitaji, na homoni ikizidi sio mchezo, mapigo ya moyo yanakwenda ovyo, mifupa inaisha hasa kwa akina mama waliokoma hedhi. Nasikia watu wanakunywa hii dawa ili wapungue, nawaomba muache.

Kuhusu ayodini na vidonge vya mwani: kama shida yako ni Hashimoto, ayodini nyingi haiwashi tezi, inaweza hata kuizima zaidi. Chumvi ya kawaida yenye madini joto inatosha.

Ujauzito niuweke kwa uzito wake. Mtoto tumboni mpaka kama wiki ya 12 hana homoni yake, anategemea ya mama, na ubongo unajengwa wakati huo huo. Kwa hiyo kama uko kwenye dawa na unapanga kubeba, pima kabla, TSH ikae vizuri kwanza. Na ukijua tu umeshika mimba usisubiri kliniki ya mwezi ujao, piga simu siku hiyo. Wengi wanahitaji dozi ipande kama asilimia 25 mpaka 30, madaktari wengi wanamwambia mama aongeze vidonge viwili kwa wiki yaani tisa badala ya saba, halafu anapimwa kila wiki 4 mpaka katikati ya ujauzito. Kuacha dawa kwa hofu ya kumdhuru mtoto ni kinyume kabisa, mtoto anaihitaji. Na kumbuka kliniki utapewa vidonge vya chuma, masaa manne yako pale pale. Ukijifungua dozi inarudi ya zamani, unapima baada ya wiki 6, na kunyonyesha ni salama. Kuna na akina mama ambao thairoidi inashuka miezi michache baada ya kujifungua wakati hawakuwa na shida kabla, wanaambiwa ni uchovu wa kulea, wengine inarudi yenyewe ndani ya mwaka, lakini wapimwe.

Namba zikishatulia unapima baada ya miezi 6, halafu mara moja kwa mwaka inatosha, labda kitu kibadilike, uzito, dawa mpya, mimba. Na walioko nyumbani na mzee mwenye hii hali wajue kwamba akiacha dawa muda mrefu, halafu akapata maambukizi au baridi kali au akapewa dawa ya usingizi, anaweza kuanza kusinzia kupita kiasi, mwili unapoa, anachanganyikiwa, anapumua kwa shida. Huyo msimfunike mablanketi mkasubiri kuche, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo na muwaambie mlangoni kwamba ana thairoidi.